Kadi Sitini na Tatu, Majaketi Sitini na Mawili

Ijumaa hii, tarehe 30 Juni, Bi Pamba anastaafu baada ya kuhudumu miaka thelathini na minne katika chumba cha mavazi cha makumbusho yetu ya ndege. Ndivyo dada wa Utumishi alivyotaka nianze, nami nimetii. Baada ya sentensi hiyo sina hakika na mambo mengi. Nilidhani kuandika kurasa chache kuhusu mtu niliyekaa naye meza jirani miaka kumi na moja ni kazi ya asubuhi moja tu. Leo ni siku ya tisa, nimeshachana rasimu nne, na kichwa bado kinaniuma.

Kwa wageni waalikwa ambao hawajawahi kufika chumbani kwake, kiko nyuma ya banda kubwa la ndege, mlango wa kijani, madirisha yamezibwa kwa karatasi nyeusi ili jua lisiingie. Ndani kuna droo pana za mbao, na kwenye kila droo limelala jaketi moja la rubani wa kijeshi wa zamani. Mengi ni ya ngozi ya farasi, mengine ya ngozi ya kondoo yenye manyoya kwa ndani, machache ya nailoni. Yamelala, hayatundikwi. Jaketi zito likitundikwa, mabega hubeba uzito wote na mishono huachia. Hilo nilijifunza siku yangu ya kwanza, nilipolitundika moja kwenye msumari kwa nia njema kabisa, nikaitwa majina ambayo programu hii ya sherehe ya kumuaga haiwezi kuyachapa.

Jina la Bi Pamba limetokana na vijiti vya pamba anavyotembea navyo mfukoni, hata kwenye harusi za watu. Huchovya ncha kwenye maji yaliyochujwa, huibana mpaka ibaki na unyevu tu, halafu huijaribu chini ya kola, mahali pasipoonekana. Kisha husubiri siku nzima. Kama rangi haikutoka na ngozi haikukakamaa, ndipo huendelea, kipande cha ukubwa wa stempu kwa wakati mmoja. Mkurugenzi wetu wa pili aliwahi kusimama nyuma yake nusu saa akingoja aone tofauti, akaondoka akiamini mama huyu hafanyi kitu. Barua ya onyo ya uvivu aliyomwandikia ilifutwa wiki mbili baadaye, lakini hakuna aliyekumbuka kuitoa kwenye faili. Nimeikuta humo wiki iliyopita, imekunjwa vizuri.

Alikuja hapa akiwa dobi. Mama yake alikuwa dobi, shangazi yake dobi, naye alikuwa ameshafua mashuka ya hoteli kwa miaka sita. Tangazo lilisema anatakiwa mtu wa kusafisha mavazi, akaja na sabuni yake mwenyewe kwenye mfuko. Wakamweleza kwamba hapa mambo ni tofauti: vumbi litoke, ukungu ufutwe, nondo wauawe, lakini madoa ya mwenyewe yabaki, kwa sababu mafuta ya injini na jasho la kola navyo ni mali ya makumbusho. Alikubali kwa kichwa. Kwa mikono, anasema, ilimchukua miaka mitatu kukubali, na alipofika huko alikuwa ameshachelewa. Kauli hiyo nimemsikia akiisema mara nyingi, na kila mara nilicheka, nikidhani ananitania.

Mafanikio yake ni mengi, nayataja machache. Zipu za shaba zilizokuwa zimeota kutu ya kijani alizirudishia mwendo kwa kuzisugua na kipande cha mshumaa. Alitushonea sote glavu za pamba, kila mtu kwa kipimo cha mkono wake. Na ndiye aliyewamaliza nondo, kabla hatujapata vifaa vyetu, kwa kuazima friza ya kantini. Alilifunga jaketi la manyoya kwenye plastiki, akalilaza ndani wiki nzima wadudu wafe kwa baridi, akasahau kumwambia mpishi. Mpishi akafungua friza kutafuta kuku, akakutana na mkono. Wanaomkumbuka mpishi yule wanasema alitimua mbio mpaka barabarani na aproni yake, na hakurudi siku hiyo.

Nyumbani ni mke wa fundi saa. Binti yao, ambaye ni mkunga na tunaye hapa leo, anasema amekulia kwenye nyumba ambayo chai ilipoa kila siku kwa sababu wazazi wote wawili walikuwa wameinamia kitu kidogo sana. Nilimuuliza mama yake ni mtu wa namna gani. Alifikiri kidogo akajibu, "Mama ni mtu wa kurudia. Anaweza kukagua kitu kilekile kila mwaka, na wewe usijue anatafuta nini." Nikaandika jibu hilo bila kulielewa.

Sasa nifike kwenye kilichonichanganya.

Kuanzia Jumatatu chumba cha mavazi kitakuwa chini yangu. Mimi kazi yangu imekuwa kuandika lebo na kutunza kumbukumbu, na jaketi nimeruhusiwa kuligusa kwa glavu na kwa kusimamiwa. Utumishi wakanipa fomu ya makabidhiano: nihesabu kadi, ambazo ni moja kwa kila jaketi, nihesabu majaketi, nisaini kwamba nimepokea vyote. Bila saini yangu faili la Bi Pamba halifungwi, na faili lisipofungwa, mtu aliyetumikia miaka thelathini na minne anatoka hapa akiwa na swali mgongoni. Nikaona ni kazi ya saa moja. Kadi zikawa sitini na tatu. Majaketi yakawa sitini na mawili.

Nikahesabu tena, nikapata sitini na matatu, nikashukuru Mungu, kisha nikagundua kwamba nimehesabu na la kwangu mwenyewe nililolivua kwa joto. Mara ya tatu yakawa sitini na mawili. Lililokosekana ni namba 27. Kadi yake ilisema ni jaketi la ngozi ya farasi, ikataja jina kamili la rubani, ikaeleza kwamba lililetwa na mdogo wake likiwa na mafuta mengi bega la kushoto na tarakimu za kalamu ya wino kwenye mkono wa kulia. Nikafungua droo namba 27. Ilikuwa tupu, lakini ilikuwa safi na imetandikwa karatasi laini mpya. Nikageuza kadi nyuma, na hapo ndipo nilipopigwa na butwaa. Kila mwaka kwa miaka thelathini na mmoja, kwa mwandiko wa Bi Pamba, palikuwa pameandikwa: "Limekaguliwa. Halijambo." Ya mwisho ilikuwa ya mwezi uliopita.

Mtu anakaguaje jaketi lisilokuwepo? Nikaanza kuuliza. Fundi umeme akasema huenda liko kwenye maonyesho, lakini ya maonyesho nilikuwa nimeshayahesabu. Dereva akakumbuka watu fulani waliokuja kupiga picha za sinema, ila hakukumbuka ni mwaka gani wala kama waliazima jaketi au ngazi. Mkurugenzi wa sasa, ambaye ni mtu mwema na ana haraka, aliniambia nisaini tu, yataeleweka mbele ya safari. Sikuweza. Nikisaini, Jumatatu jaketi limepotea mikononi mwangu. Nisiposaini, limepotea mikononi mwa Bi Pamba, na watu watasema maneno. Nilimwendea mwenyewe mara tatu, na mara zote tatu aliinua macho kwenye meza yake akaniambia, "Hesabu tena, mwanangu."

Jumatano alichoka nami. Alifunga mlango wa kijani, akavua miwani, akafungua droo namba 40, akatoa jaketi la ngozi ya farasi ambalo nimeliandikia lebo kwa mkono wangu: "Mwenyewe hajulikani." Akalilaza mezani. Kushoto kwake akaweka kadi namba 40, kulia akaweka kadi namba 27.

"Ni hilo hilo moja," alisema. "Lina kadi mbili."

Nilimwomba aanze mwanzo, polepole, kama anamweleza mgeni. Akaeleza. Katika mwaka wake wa tatu yaliletwa majaketi saba kwa wiki moja, yote ya toleo moja, ya kikosi kimoja, yote machafu. Jaketi la rubani huyu ndilo lililokuwa chafu kupita mengine, nalo ndilo lililochaguliwa kwa uzinduzi wa maonyesho. Rubani mwenyewe, mzee tayari, angekuja kulifunua mbele ya watu. Bi Pamba akaona aibu kumwonyesha mzee wa watu nguo yake katika hali ile. Udobi ukamzidi. Alijifungia ndani siku kumi na moja, akaondoa mafuta ya bega, akaondoa jasho la kola, na siku ya mwisho, mkono ukiwa umeshanogewa, akafuta na tarakimu za wino.

Siku ya uzinduzi mzee akavuta kitambaa, watu wakapiga makofi. Akalitazama jaketi. Akalisogelea, akanusa kola, akageuza mkono wa kulia akatafuta tarakimu zake, hakuziona. Akasema kwa sauti ya kawaida tu, "Hili si langu." Wakamwambia ni lako, lilitoka nyumbani kwako. Akasema la kwake lilikuwa limechakaa kama yeye, na kwamba kama makumbusho wamelipoteza waseme, wasimvishe la mtu mwingine. Walimbembeleza hadi jioni. Mwisho akaomba karatasi, akaandika kwamba jaketi lile silo, akasaini. Mkurugenzi wa wakati ule akaamuru litengenezewe kadi mpya isiyo na jina na lihamishiwe droo nyingine. Hakuna aliyesema kadi ya zamani itupwe, kwa hiyo Bi Pamba hakuitupa.

"Nilijua ni lake," aliniambia. "Nilijua kabisa. Halafu baada ya miaka kama kumi nikaanza kujiuliza. Majaketi saba, meza moja. Labda nilichanganya. Labda la kwake ni mojawapo ya haya mengine, na mzee alikuwa anasema kweli." Kila mwaka amelikagua jaketi moja, akajaza kadi mbili, kwa sababu hakuweza kuamua ni ipi inayodanganya. Ama alimfuta mtu kwenye nguo yake, ama aliipoteza nguo ya mtu. Kosa ni lake kwa vyovyote, alisema, ila angependa kujua ni lipi.

Kisha akanisukumia kadi zote mbili. "Chagua wewe. Chana moja, hesabu itimie, usaini. Mimi nimeshindwa, na Ijumaa naondoka."

Wapendwa wageni, mimi ni mwandishi wa lebo. Kazi yangu ni kuandika kwa mistari mitatu vitu ambavyo wengine wameshavijua. Nikichana kadi yenye jina, mtu yule anatoka kwenye makumbusho haya moja kwa moja, na jaketi linabaki la mtu asiyejulikana mpaka mwisho wa dunia. Nikichana isiyo na jina, nambishia mzee, ambaye sasa ni marehemu, aliyesaini kwa mkono wake. Nilitembea nazo mfukoni siku nzima ya jana. Saa tisa alasiri nilikaa kwenye kibanda cha mlinzi wetu wa lango, Filimbi, ambaye wakati ule alikuwa mlinzi wa ukumbi wa maonyesho. Nilikaa kupumzika tu. Nilimuuliza, bila kutarajia lolote, kama anaikumbuka siku ya uzinduzi.

Filimbi akasema siku yenyewe haikumbuki vizuri, palikuwa na watu wengi. Mzee ndiye anayemkumbuka, kwa sababu alirudi.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Mzee alirudi, siku za Jumanne, wakati ukumbi hauna watu. Alirudi mara tisa, Filimbi alizihesabu, hadi alipoacha kuja. Hakutazama ndege hata moja. Alikwenda moja kwa moja kwenye lile jaketi, ambalo miezi ile ya kwanza bado lilikuwa ukumbini juu ya stendi bila jina, na akamwomba Filimbi aligeuze ili alione kwa nyuma. Filimbi hakuruhusiwa kugusa kitu, lakini aliyeomba alikuwa mzee, akaligeuza. Kumbe ndiyo sababu ya ugomvi ule mkubwa ambao baadhi ya wakongwe wataukumbuka, Bi Pamba alipolalamika mkutanoni kwamba kuna mtu anachezea stendi yake! Akawashutumu wafagiaji, wakanuniana miezi miwili. Filimbi, aliyekuwepo mkutanoni, hakujitaja.

Nikamuuliza mzee alikuwa akitazama nini huko nyuma. Akasema, "Bega. Lile la kushoto limelegea chini. Hata yeye mwenyewe alikuwa hivyohivyo, ukimwona kwa nyuma bega moja limeshuka. Aliniambia aliwahi kuvunjika. Ile siku ya mwisho akasema, bega hili nalijua, hayo mengine yote siyajui."

Nilimuuliza kwa nini basi mzee hakwenda ofisini kusema ni lake. Filimbi akacheka. Alimuuliza swali hilohilo. Mzee alimjibu kwamba ameshasaini, na mtu mzima na akili zake hasaini mara mbili. Na wewe, nikamwambia, miaka yote hii, kwa nini hukumwambia Bi Pamba? Akanitazama kama mimi ndiye mjinga. "Nimwambie mimi ndiye ninayegeuza stendi? Na isitoshe, kuna aliyeniuliza?"

Sikumuaga. Nilirudi chumba cha mavazi mbiombio, Bi Pamba alikuwa ameshaondoka, nikavaa glavu, nikafungua droo namba 40. Jaketi lilikuwa limekaa sawa, mabega yote mawili yamelingana. Nikachanganyikiwa upya. Kisha nikaingiza mkono taratibu ndani ya bega la kushoto, nikakuta karatasi laini zimekunjwa na kushindiliwa, unene wa vidole viwili. Zilikuwa mpya, za mwezi uliopita. Kulia hapakuwa na kitu. Kila mwaka amekuwa akiliinua bega lile alinyooshe, akidhani kulala kwenye droo ndiko kunakoliharibu. Nikazitoa moja moja, na bega likashuka.

Nilikagua na majaketi yale mengine sita, mojamoja, mpaka watu wa usafi wakanitoa. Hakuna lenye bega la namna ile.

Basi, Bi Pamba, programu hii inapelekwa kiwandani kuchapwa leo asubuhi na mapema, na utakuwa unaisoma umekaa mstari wa mbele kabla sijapata nafasi ya kukuvuta pembeni. Unisamehe kwa kukuambia mbele za watu. Nilishindwa kupata njia nyingine, na nilitaka ulijue jibu leo, ukiwa bado mtumishi wa hapa.

Sikuchana kadi yoyote. Nimezibana pamoja kwa pini, pamoja na karatasi aliyosaini mzee, na zimehesabiwa kuwa kadi moja, namba 27. Jaketi limerudi kwenye droo yake. Lebo niliyoandika, na ambayo Mkurugenzi ameipitisha kwa simu usiku huu bila kuniharakisha, inasema: "Jaketi la rubani," halafu jina lake kamili, halafu: "Mafuta, jasho na tarakimu zilizokuwa juu yake zilifutwa katika kulisafisha. Mwenyewe alilikana siku ya uzinduzi, kisha akarudi mara tisa kulitazama." Ni mistari minne badala ya mitatu. Mtanivumilia.

Hukuchanganya, mama. Ulilisafisha kupita kiasi, hilo siwezi kukuondolea, na nadhani hungependa nijaribu. Lakini lilikuwa lake. Alilijua, akaona haya kusema, kama wewe ulivyoona haya kuliacha chafu. Jumanne zile tisa alikuwa hatua arobaini kutoka kwenye mlango wako uliofungwa.

Kwa niaba ya wafanyakazi wote, wa banda, wa ofisi, wa kantini, na wa lango, ambako kuna mtu anasubiri kukuomba radhi kuhusu stendi, tunakushukuru kwa miaka thelathini na minne. Kapumzike, unywe chai ikiwa ya moto, uwachoshe wajukuu kwa hadithi za friza. Maisha yako ya mbele yawe mema na marefu.

Fomu nimesaini. Droo namba 27 ina jaketi, na jaketi lina mwenyewe.